Kopo la Nyama Darasani

Watoto wengi wa Kawe, Dar es Salaam, wanavijua viwanja vya Tanganyika Packers kwa mikutano ya injili. Kwamba hapo palisindikwa nyama, ikapanda meli kwenda kuliwa Uingereza, hilo wanalisikia kwa wazee tu. Mwalimu mmoja wa jiografia wa huku Kawe amelifanya kuwa somo, na ufundi wake unastahili kutazamwa polepole, kama unavyomtazama seremala anayepima ubao kabla ya kugusa msumeno.

Haanzi na utandawazi. Anaweka mezani kopo tupu na kuuliza: huyu ng'ombe alitoka wapi? Mnadani Pugu, wanajibu. Na kabla ya Pugu? Darasa linanyamaza, naye analiacha linyamaze. Mwingine angejibu mwenyewe ili kipindi kisonge. Yeye husubiri mpaka ajitokeze mwenye babu Shinyanga, aeleze jinsi mifugo ilivyopakiwa kwenye mabehewa ya Reli ya Kati. Subira hiyo ndiyo ninayoisifu kwanza, maana anachokigundua mwanafunzi mwenyewe hakimtoki.

Kisha linakuja swali la pili: kwa nini kopo? Kwa nini nyama isisafirishwe mbichi? Hapo anawafundisha ugonjwa wa miguu na midomo. Ulaya inaogopa virusi vyake viingie na nyama mbichi, lakini nyama iliyopikwa ndani ya kopo lililozibwa, kwa joto linalopita la maji yachemkayo, haiwezi kuvibeba. Mtoto anaona kwamba ugonjwa wa kwato huko Usukumani una sauti katika kuamua nyama ipi ivuke bahari.

Ramani inafuata, kwa haraka. Kiwanda kilianza baada ya Vita Kuu ya Pili, kwa ubia wa serikali na kampuni ya Liebig, iliyoundwa London mwaka 1865 na kujenga jina lake kwa mchuzi mzito wa nyama kutoka Fray Bentos, Uruguay. Kawe ilikuwa na ndugu Amerika ya Kusini, na huyo ndugu leo ni Urithi wa Dunia wa UNESCO, tangu 2015. Nadhani kila mtoto wa Kawe anastahili kulijua hilo.

Lakini kilele cha somo ni Aberdeen. Mwaka 1964, katika mji huo wa Uskoti, zaidi ya watu 400 waliugua homa ya matumbo, na chanzo kikafuatiliwa hadi kwenye kopo la nyama kutoka Argentina. Iliwezekanaje, na nyama ilikwisha kupikwa? Mwalimu hajibu. Anamimina maji ya moto kwenye chupa ya plastiki, anayamwaga, anafunga kizibo, kisha anaimwagia maji baridi. Chupa inajikunja mbele ya macho yao. Kopo la bati nalo likipoa huvuta ndani. Pakiwa na ufa usioonekana kwenye mshono, linanyonya maji linamopozwa, na kule Argentina yalikuwa maji ya mto yasiyotiwa dawa. Baada ya hapo anauliza: mnunuzi wa London sasa atawauliza nini watu wa Kawe? Darasa zima linajibu: maji! Sijaona njia nyingine iliyo safi hivi ya kumwonyesha kijana wa miaka kumi na sita jinsi mteja wa mbali anavyofika hadi kwenye bomba la kiwanda cha mtaani kwake.

Kufa kwa kiwanda pia hakufichi, wala hawapi mkosaji mmoja wa kumlaumu. Anawapa vipande wavipime: bei anayoipata mfugaji mnadani, bati la makopo linalonunuliwa nje, fedha za kigeni zilivyokuwa adimu nchini miaka ya 1980. Wanabishana hadi kengele igonge.

Kazi ya mwisho ni kuchagua kitu kinachotengenezwa Kawe leo na kukifuata nyuma na mbele. Ripoti inayoruka hatua inarudishwa. Kundi lililochagua fundi wa kuchomelea mageti liliandika tu kwamba chuma kinatoka China; likaambiwa lirudi kwa fundi, likaulize kilishushwa wapi, nani alikilipia ushuru, na kwa nini bei yake hupanda shilingi inaposhuka mbele ya dola.