Waridi na Rosa: Ishara ya Ua katika Riwaya ya Kezilahabi

Katika ushairi wa Kiswahili, ua mara nyingi humsimamia mwanamke. Asumini, langilangi na waridi hutajwa ili kuusifu uzuri wake. Ua lililonyauka hutajwa ili kumsikitikia, au kumlaumu. Ishara hiyo imezoeleka mno hata wasomaji wengi huitumia pasipo kuichunguza. Riwaya ya Euphrase Kezilahabi, Rosa Mistika, iliyotolewa mwaka wa 1971, imepatwa na mazoea hayo: ni rahisi kuifundisha kama kisa cha ua zuri lililonyauka kwa uasherati. Usomaji huo hautoshi, tena una hatari.

Kwanza yafaa kulitazama jina. Kiswahili kina neno waridi, lenye asili ya Kiarabu, neno la mashairi ya mahaba. Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, alichagua badala yake Kilatini cha Kanisa. Rosa Mystica, yaani Waridi lenye Fumbo, ni mojawapo ya sifa za Bikira Maria katika Litania ya Loreto, iliyoidhinishwa na Papa Sixtus wa Tano mwaka wa 1587. Hapo kale, kwa Warumi, ua hilohilo lilikuwa la Venus, mungu wa kike wa mapenzi. Wakristo wa Zama za Kati walimpa Maria, wakimwita waridi lisilo na miiba. Hivyo ua moja limebeba maana mbili zinazopingana: mapenzi ya mwili na ubikira.

Riwaya inasimama juu ya mgongano huo. Mama yake Rosa anaitwa Regina, malkia, neno linalorudiwarudiwa katika litania ileile. Mdogo wake ni Flora, jina la mungu wa maua wa Warumi. Shule anayosomea ni Rosary, neno ambalo asili yake ya Kilatini ni bustani ya mawaridi. Msichana amezungukwa na bustani isiyo na mtunzaji. Zakaria, baba mlevi, anampiga vikali kwa sababu ya barua ya Charles. Kipigo hicho hakimfundishi lolote ila hofu, na hofu inapokwisha, mbali na nyumbani, hakuna kinachobaki cha kumwongoza.

Msomaji wa Kongo ana sababu yake ya kuyapima majina hayo. Mwaka wa 1972 serikali ya Zaire ilipiga marufuku majina ya ubatizo ya kigeni. Kwa tendo hilo ilikiri kwamba jina humdai mwenye kuitwa. Rosa naye anadaiwa na jina lake usafi ambao wanaume wanaomzunguka hawamwachii.

Charles ndiye mfano wa msomaji mbaya. Anataka kumwoa Rosa, lakini anapojua kwamba si bikira anamkataa, na Rosa anajiua. Alilitaka ua la litania, hakumtaka mtu. Mwalimu anayewaambia wanafunzi kwamba Rosa ameangamia kwa kupoteza ubikira wake tu, anarudia hukumu ya Charles. Mwandishi mwenyewe hakuimaliza kesi kaburini: anawafikisha baba na binti mbele ya Mungu, ili lawama ya mmoja ipimwe pamoja na ya mwenzake.

Ishara hii ina kasoro yake. Majina yamelundikwa, na mara nyingine maana hutangazwa kabla mhusika hajatenda. Hata hivyo, kasoro hiyo haiupunguzi uzito wa swali linaloulizwa.

Nchini Tanzania riwaya hii ilizuiwa mashuleni kwa muda, kwa kuhofiwa kwamba ingewapotosha vijana. Hiyo ilikuwa hofu ya Zakaria, iliyoficha mambo badala ya kuyaeleza. Anayeifundisha leo asiishie kuwauliza wanafunzi Rosa alikosa nini. Awaulize pia ni nani waliompa jina la ua, kisha wakashindwa kumtunza kama mtu.