Lebo za Mouton na Aliyekosa Kuchorwa

Mvinyo wa Château Mouton Rothschild una bei ambayo wengi wetu hatuigusi, na si lazima uuonje ndiyo uwe na la kusema. Kitu cha kuhakiki kiko nje ya chupa. Tangu 1945, karibu kila mwaka, familia ya Rothschild inayomiliki shamba hilo la mizabibu kule Pauillac, eneo la Bordeaux, humpa msanii mmoja sehemu ya juu ya lebo aijaze atakavyo. Miró alichora ya 1969, Chagall ya 1970, Warhol ya 1975. Zipange zote mezani na utaona kwamba si matangazo tu. Ni albamu ya familia. Na albamu ya familia, hata ile ya nyumbani kwenu, kuna watu imewaacha nje.

Hadithi ambayo familia inapenda kuisimulia ni hii. Nathaniel de Rothschild alinunua shamba mwaka 1853. Miaka miwili baadaye mivinyo ya Bordeaux ikapangwa kwa madaraja, na Mouton ikatupwa la pili. Kitukuu wake Philippe alishika usukani 1922 akiwa kijana wa miaka 20 tu. Mwaka 1924 akaamua mvinyo wote utiwe kwenye chupa hapohapo shambani, badala ya kuuachia wafanyabiashara mjini ukiwa kwenye mapipa. Hapo ndipo lebo ilipopata uzito, kwa sababu sasa mwenye shamba alikuwa anatia sahihi kazi yake mwenyewe. Akapigania daraja la kwanza miaka na mikaka hadi 1973, Jacques Chirac, waziri wa kilimo wakati huo, alipotia sahihi amri ya kuipandisha. Lebo ya mwaka huo ina picha ya Picasso, aliyekuwa amefariki Aprili.

Tamu, sivyo? Aliyeambiwa ni wa pili akakataa, mwisho akashinda. Lakini hebu turudi 1945.

Lebo ile ilichorwa na Philippe Jullian, kijana ambaye hakuwa na jina bado. Katikati kuna herufi V, ya ushindi, maana vita vilikuwa vimeisha. Mwenye shamba alikuwa na kila haki ya kuiweka. Alikuwa Myahudi, serikali ya Vichy ilimnyang'anya shamba, naye akatoroka na kujiunga na majeshi ya de Gaulle. Lakini mke wake Élisabeth, mama wa binti yao Philippine, alikamatwa na Gestapo, akafia kwenye kambi ya Ravensbrück Machi 1945. Zabibu za ile V zilivunwa miezi michache baadaye.

Sidai kwamba angechorwa pale. Pengine karatasi ya ukubwa ule haiwezi kubeba msiba. Ninachosema ni kwamba chupa za mwaka huo hadi leo zinauzwa na kusifiwa kama chupa za ushindi, na sifa hiyo ikirudiwa vya kutosha, mwanamke mmoja anazidi kufutika. Binti yake ndiye aliyekuja kurithi shamba 1988, baada ya kuwa mwigizaji wa jukwaani. Alipofariki 2014, David Hockney alichora lebo ya mwaka huo kwa heshima yake: glasi mbili na maneno machache ya kumkumbuka. Basi. Kwangu mimi hiyo ndiyo lebo bora ya mkusanyiko mzima, na pia ndiyo inayoushtaki. Kumbe karatasi ile inaweza kuomboleza, ikitaka.

Mwaka 1993 pengo lilionekana kwa macho. Balthus alichora kwa penseli msichana mdogo akiwa uchi. Marekani watu wakalalamika, na chupa za huko zikauzwa na nafasi tupu mahali pa picha. Sina huruma na mchoro ule. Kilichonishangaza ni wakusanyaji: wakazitaka zote mbili, yenye picha na isiyo nayo. Hata kufuta kukageuka bidhaa.

Halafu kuna lebo ya 2016, ya William Kentridge wa Johannesburg. Vivuli vyeusi vya watu wa karamu vinapita kwa msafara, wamelewa, wanayumba. Ni kazi nzuri, ina mdundo. Lakini ujue kwamba wasanii wa Mouton hawalipwi pesa. Wanalipwa mvinyo, masanduku kadhaa. Msanii yeyote wa Nairobi aliyewahi kuahidiwa "kujulikana" badala ya hela atacheka kidogo, ingawa mvinyo huu angalau unauzika. Kwao Kentridge, hata hivyo, kulipwa mvinyo kuna historia nyingine. Kwenye mashamba ya mizabibu ya Cape, kwa vizazi vingi, vibarua walipewa mvinyo kama sehemu ya ujira wao. Mpango huo uliitwa "dop", na ulevi ulioacha bado unatesa familia za vibarua hao. Kinywaji kilekile ni heshima kwa mmoja na mnyororo kwa mwingine. Sijui kama waliomwalika Kentridge walilifikiria hilo, lakini mimi siwezi tena kuvitazama vivuli vile kama walevi wa karamu tu.

Leo shamba liko mikononi mwa watoto watatu wa Philippine, na kila mwaka watachagua msanii mwingine. Mkusanyiko huu nauheshimu. Familia chache zenye mali zimewaachia wasanii mlango wa mbele wa nyumba yao kwa muda mrefu hivi. Ila zabibu za Mouton huchumwa kwa mkono, na mikono hiyo si ya ukoo wa Rothschild. Siku msanii mmoja atakapoichora, na bibi yule wa 1945 akapata hata mstari mmoja, nitaamini kwamba kinachorithishwa pale ni kumbukumbu pamoja na mali.