Nuru ya Muumini si Rangi za Aura

Sifa zote njema ni za Allah (s.w.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na sahaba zake.

Ndugu msomaji, wapo Waislamu wanaodai kuwa kila mwanadamu amezungukwa na mwanga wa rangi uitwao aura, na kwamba mwenye kipaji huuona na kwa huo hujua maradhi, tabia na siri za mtu. (Neno hili lisichanganywe na aura ya kifiqhi, yaani sehemu za mwili zipasazo kusitiriwa.) Dalili zao ni aya za nuru na Hadithi ya firasa. Tuzipime.

Chimbuko lake

Neno lenyewe ni la Kiyunani, lenye maana ya upepo mwanana. Maana ya leo ilienezwa na Theosophical Society, iliyoasiswa New York mwaka 1875. Mfuasi wake C. W. Leadbeater, aliyewahi kuwa kasisi wa Kianglikana, alitoa mwaka 1902 kitabu Man Visible and Invisible, chenye picha za rangi na maana ya kila rangi. Kwa hiyo elimu hii haikutoka kwa masahaba wala kwa mafaqihi.

Mwaka 1939 Semyon Kirlian wa Krasnodar, Urusi, alipata picha zenye miale kwa kutumia umeme wa msukumo mkubwa. Wengi wakasema aura imethibitika. Lakini sarafu nayo hutoa miale hiyo, na unyevu wa ngozi huibadilisha. Je, sarafu ina imani au husuda? Tena mwaka 1998 jarida la madaktari wa Marekani, JAMA, lilichapisha jaribio la watu 21 waliodai kuhisi nguvu zinazouzunguka mwili. Walifichwa wasione, wakatakiwa waseme mkono wa mtu uko karibu na mkono wao upi. Katika mara 280 walipatia 123, chini ya nusu.

Dalili zao

Nuru itakayokwenda mbele ya waumini, iliyotajwa katika Al-Hadid (57:12) na At-Tahrim (66:8), ni ya Siku ya Kiyama. Alama ya nyusoni katika Al-Fath (48:29), Mujahid aliifasiri kuwa ni unyenyekevu. Usaid bin Hudhair na Abbad bin Bishr (r.a.) waliangaziwa njia usiku wa giza, kama alivyopokea Bukhari. Ile ilikuwa karama ya Allah, wala hawakuitumia kusoma siri ya mtu.

Ama Hadithi ya firasa ya muumini, Tirmidhi aliyeipokea aliiita gharib, na wanazuoni wengi wameidhoofisha. Hata tukiikubali, tazama firasa ya makadhi. Ibn al-Qayyim (aliyefariki 751 H), katika At-Turuq al-Hukmiyya, anataja kisa cha Nabii Sulaiman (a.s.) na wanawake wawili waliogombea mtoto. Alimtambua mama kwa huruma yake aliposikia mtoto atakatwa. Ishara ile kila aliyekuwepo aliweza kuishuhudia.

Atasema mtu: mbona Sheikh Najmuddin Kubra (aliyefariki 618 H) aliandika juu ya nuru za rangi? Ni kweli. Lakini yeye alieleza anayoyaona msafiri wa njia ya kiroho ndani ya nafsi yake, ili ajihesabu. Hakuweka meza ya kuwapimia wengine kwa ujira.

Hukumu

Tufanye insafu. Wapo wanaoona rangi kweli, kwa sababu ya kipandauso au maumbile ya ubongo wao. Hao si waongo, na jicho halina dhambi kwa kilicholijia. Dhambi huanza pale rangi inapogeuzwa hukumu: jirani ana husuda, mke si mwaminifu, nyota ya mtoto imechafuliwa na shangazi yake. Mtuhumiwa atajiteteaje, na ushahidi uko machoni pa mtu mmoja?

Mtume (s.a.w.), aliyekuwa akipata wahyi, alieleza kuwa yeye huhukumu wagombanao kwa kadiri ya anayoyasikia kwao. Umar (r.a.) alisema kwamba baada ya wahyi kukatika, watu watachukuliwa kwa matendo yao ya dhahiri. Na amwendeaye mpiga ramli akamuuliza jambo, Muslim amepokea kuwa sala yake haikubaliwi siku 40. Mwenye kudai kujua siri kwa rangi yuko katika mlango huo huo, hata akianza kwa Bismillahi.

Basi maimamu wakiletewa tuhuma ya namna hii, waulize: nani ameshuhudia, na ameshuhudia tendo gani? Pasipo jibu, iliyobaki ni dhana, na Allah (s.w.) ametukataza dhana (49:12) na kufuata tusiyo na ujuzi nayo (17:36). Heshima ya Muislamu haivunjwi kwa rangi.

Wallahu a'lam.