Kupenda, Kupendwa na Kupendana: Mapenzi ya Watu wa Kawaida katika Riwaya za Euphrase Kezilahabi

Wahakiki wengi wa riwaya ya Kiswahili wamezoea kumweka Euphrase Kezilahabi (1944–2020) katika fungu la waandishi wa falsafa. Anapotajwa, majina ya Camus, Sartre na Nietzsche hayakawii kufuata, na huzuni ya wahusika wake huelezwa kuwa ni mwangwi wa udhanaishi wa Ulaya. Maelezo hayo si ya uongo, lakini yana upungufu mkubwa. Yanaieleza huzuni hiyo kwa vitabu alivyovisoma mwandishi, na kuzisahau nyumba walimolelewa wahusika. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba msiba wa mapenzi katika riwaya za Kezilahabi huanzia nyumbani, mezani pa baba na jikoni kwa mama, kabla haujawa swali la falsafa. Njia mojawapo ya kuuona msiba huo ni kuchunguza kauli za vitenzi ambazo hadithi zenyewe zinadai kusimuliwa kwazo.

Kezilahabi alizaliwa Namagondo, katika kisiwa cha Ukerewe, Ziwa Viktoria. Lugha yake ya kwanza ilikuwa Kikerewe. Alisoma katika seminari ya Nyegezi karibu na Mwanza, kisha katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambako baadaye alifundisha. Shahada ya udaktari aliipata Wisconsin, Marekani, mwaka 1985, na miaka yake ya mwisho ya ualimu aliitumia Botswana. Katika safari hiyo athari tatu zilimjenga kabla ya athari ya Wazungu wanafalsafa, au sambamba nayo: kanisa, Shaaban Robert, na kisiwa chake.

Athari ya kanisa inaonekana kwanza katika majina. Jina la riwaya yake ya kwanza, Rosa Mistika (1971), limetoka katika litania ya Bikira Maria, ambamo Mama wa Mungu huitwa waridi la fumbo. Mama yake Rosa ni Regina, yaani malkia. Kijana mmoja anaitwa Deogratias, yaani Mungu ashukuriwe. Majina hayo yametoka katika daftari la ubatizo. Msomaji wa Moba, Kalemie au Bukavu huyatambua upesi, kwa kuwa Mapadri Weupe walioeneza dini kandokando ya Ziwa Viktoria ndio waliofanya hivyo pia upande wa magharibi wa Ziwa Tanganyika. Katika mazingira hayo binti hupewa jina la ubikira kabla hajajua maana yake, na jamii nzima hungoja kuona kama atalitimiza. Baba wa binti mwenye jina hilo ndiye pia mlevi anayempiga mama yake. Hapo ndipo kejeli ya riwaya ilipolala.

Athari ya pili ni Shaaban Robert (1909–1962). Kezilahabi aliandika tasnifu yake ya uzamili, mwaka 1976, juu ya Shaaban Robert kama mwandishi wa riwaya. Alimjua mzee huyo kwa undani, na kwa sababu hiyo aliweza kuachana naye kwa heshima. Wahusika wa Shaaban Robert huitwa Adili au Utubora; majina yao ni sifa zao, na msomaji hujua tangu mwanzo nani atashinda. Mapenzi kwao ni tuzo ya tabia njema. Kezilahabi aliyakataa mambo mawili katika mpango huo: kwamba mtu ni sifa moja, na kwamba dunia hulipa haki. Watu wake ni wa kawaida kwa maana halisi ya neno hilo. Wanakunywa pombe, wanahangaika na karo ya shule, wanasengenyana, na mwema kati yao hana hakika ya kulipwa wema wake.

Athari ya tatu haitajwi sana, nayo ni kisiwa chenyewe. Ukerewe ilikuwa imekwisha kumzaa mwandishi mwingine, Aniceti Kitereza, aliyemaliza mwaka 1945 riwaya ndefu ya Kikerewe kuhusu Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka. Kwa kukosa mchapishaji wa Kikerewe, Kitereza aliitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, nayo ikatoka mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati uhai wake ukielekea ukingoni. Hapadaiwi hapa kwamba Kezilahabi alimwiga Kitereza, kwani Rosa Mistika ilitangulia kuchapishwa. Linalodaiwa ni kwamba kazi hizo mbili, zikisomwa pamoja, huonyesha jinsi mapenzi yalivyobadilika katika ardhi moja. Myombekere na Bugonoka hawana mtoto. Wazazi wa mke wanamrudisha kwao, na mume, badala ya kuoa mwingine, anakwenda kumwomba mkewe kwa unyenyekevu na kutoa pombe ya ndizi anayodaiwa na wakwe. Mambo yao husimuliwa kwa kauli ya kutendana: wanapendana, wanangojana, wanatunzana. Desturi ina uzito wake, lakini inawaachia watu wawili mlango wa kurudiana.

Katika Rosa Mistika mlango huo umefungwa. Yeyote atakayeisimulia hadithi hiyo kwa maneno yake mwenyewe atajikuta akitumia, kwa upande wa Rosa, kauli ya kutendwa karibu kila mara. Anaandikiwa barua na Charles, kwa ajili ya barua hiyo anapigwa na baba yake, Zakaria, anakatazwa wavulana bila kuelezwa lolote juu yao, anapelekwa shule ya wasichana, anadanganywa, mwishoni anachumbiwa, kisha anaachwa kwa sababu si bikira tena. Kiswahili chenyewe kina mgawanyo wa namna hiyo: mwanamume huoa, mwanamke huolewa. Msemaji hapaswi kulaumiwa kwa sarufi aliyoikuta. Hata hivyo, mwandishi anaweza kuifanya sarufi hiyo isikike, na Kezilahabi amefanya hivyo. Rosa anapofika chuo cha ualimu cha Morogoro na kuanza kuwa mtenda, yaani kuchagua, kuita na kufukuza wanaume, jamii haina neno la kumwita ila malaya. Wanaume wanaofanya yale yale, mkuu wa chuo akiwa miongoni mwao, hawapewi jina lolote.

Kati ya kutenda alikonyimwa na kutendwa alikochoka nako, Rosa anabakiwa na kauli moja tu: anajiua. Kiambishi -ji- kinamfanya mtu mmoja awe mtenda na mtendwa kwa pamoja. Mahakama, kanisa na majirani wakitamka kitenzi hicho, shauri huwa limekwisha: aliyeua ni yeye, aliyeuawa ni yeye, wengine waende nyumbani. Kezilahabi hakubali shauri limalizike kwa kiambishi. Anawafikisha Rosa na Zakaria mbele ya Mungu, binti akimshitaki baba na baba akijitetea. Wako wahakiki walioiona sehemu hiyo kuwa ni nyongeza isiyolingana na uhalisia uliotangulia. Kwa mtazamo wa makala haya, bila sehemu hiyo riwaya ingekuwa habari ya msichana aliyepotoka. Hukumu ya mbinguni inalirudisha swali la mtenda lililofichwa na sarufi: ni nani hasa aliyemuua Rosa?

Riwaya zilizofuata zinaliendeleza swali hilo. Katika Kichwamaji (1974), Kazimoto, mwanafunzi wa chuo kikuu, anampoteza dada yake Rukia, aliyepewa mimba na Manase. Anawaza kisasi, lakini anaishia kumwoa Sabina, dada ya Manase. Ugonjwa wa zinaa unawafuata hadi kwa mtoto, na Kazimoto naye anajiua. Elimu iliyompa maneno ya falsafa haikumfundisha kuishi na mke. Katika Dunia Uwanja wa Fujo (1975), Tumaini anatafuta utulivu katika mali baada ya kuukosa katika anasa, na mwisho wake ni kitanzi cha serikali. Wanaume hawa wawili wana uhuru ambao Rosa hakuwa nao, na bado hawafiki kwenye kupendana. Hii ni dalili kwamba mwandishi haoni kosa upande mmoja tu. Nyumba iliyomfunga binti haikumfundisha kijana kupenda.

Sifa hizi zisifiche kasoro. Rosa hubadilika kwa haraka mno kutoka woga hadi ukaidi, na msomaji hapewi nafasi ya kutosha ndani ya mawazo yake. Sabina huonekana zaidi kwa macho ya Kazimoto, ambaye ndiye msimulizi, hivi kwamba ni vigumu kujua yeye mwenyewe anaionaje ndoa yake. Mwandishi aliyeonyesha jinsi wanawake wanavyonyimwa kauli ya kutenda aliwanyima pia, mara nyingi, nafasi ya kusimulia. Pengo hilo ni kubwa, na halifai kuzibwa kwa kusema kwamba ndivyo jamii ilivyokuwa.

Rosa Mistika ilipigwa marufuku katika shule za Tanzania muda mfupi baada ya kutoka, kwa madai ya kuharibu maadili, ingawa baadaye ilirudishwa darasani. Marufuku hiyo ilirudia kosa la Zakaria: ilidhani binti hulindwa kwa kutoambiwa. Hili ni suala la Lubumbashi na Goma sawasawa na la Mwanza. Mwalimu anayekifundisha kitabu hiki kama mfano wa udhanaishi peke yake huwapa wanafunzi njia rahisi ya kuyahamisha matatizo ya Rosa hadi Paris, mbali na nyumba zao.

Jambo la mwisho linahusu lugha. Kezilahabi hakuwa mtu wa pwani. Alikiandika Kiswahili cha mtu wa bara aliyekipata shuleni, kwa sentensi fupi zisizotafuta mapambo, na mashairi yake huru katika Kichomi (1974) yalipingwa vikali na watetezi wa vina na mizani. Wasemaji wengi wa Kiswahili wa Kongo wako katika hali inayokaribiana na yake. Kazi yake inathibitisha kwamba Kiswahili cha namna hiyo kinaweza kubeba mapenzi ya watu wa kawaida, aibu zao na maswali yao. Mwandishi wa Kongo atakayeifuata njia hiyo amebakiziwa kazi ambayo Kezilahabi hakuimaliza: kumwacha Rosa asimulie mwenyewe, na kutafuta ni kwa masharti gani watu wawili wa leo wanaweza tena kusimuliwa kwa kauli ya kupendana.