Nafasi Tupu Katika Vipeperushi vya Japani

Mwaka 1683 duka la vitambaa la Echigoya, mali ya Mitsui Takatoshi, lilihamia mtaa wa Suruga jijini Edo, ndiyo Tokyo ya leo, likasambaza vipeperushi mjini. Ujumbe ulikuwa mmoja: tunauza kwa taslimu, na bei tunayotaja haina nyongeza. Zama hizo wauza nguo wakubwa walipeleka mali nyumbani kwa wateja, wakavutana bei, na deni likasubiri miezi. Habari kama hiyo haikuhitaji picha. Maneno yalitosha.

Lakini Echigoya lilikuwa na mtaji. Kuchapa kwa ubao kulimtaka fundi achonge kila herufi kinyumenyume, apake wino, alaze karatasi juu na kuisugua upande wa nyuma. Ukitaka rangi tano, kwa kawaida unachonga mbao tano, na zote zioane sawasawa. Gharama ya kuchonga ni ileile, uchape nakala mia au elfu tano. Muuza chumvi au mafuta wa mji mdogo angeitoa wapi?

Jibu lilienea enzi ya Meiji (1868–1912), na kwangu mimi ndiyo hatua kubwa kuliko zote katika historia hii. Wachapaji, wengi wao wa Osaka, walichapa kwanza picha za heri: miungu wa bahati, Ebisu amekumbatia samaki wake na Daikoku na nyundo yake, au jahazi lililosheheni hazina. Sehemu moja ya karatasi waliiacha tupu. Picha hizo zikashonwa kuwa vitabu vya sampuli, mawakala wakavizungusha madukani. Mwenye duka alichagua aliyoipenda, kisha jina lake, mtaa wake na bidhaa zake vikachapwa kwenye ile nafasi kwa mkupuo wa pili. Gharama ya mchoraji na wachongaji ikagawanywa kwa maduka mengi, na kila mfanyabiashara akapata karatasi ya rangi yenye jina lake.

Kalenda nayo ilisaidia. Kuanzia tarehe 1 Januari 1873 Japani ilifuata kalenda ya Kizungu, na watu wakahitaji mahali pa kutazama tarehe. Kipeperushi cha mwaka mpya chenye kalenda hakikutupwa. Kilibandikwa ukutani, na jina la duka likakaa nyumbani kwa mteja mwaka mzima.

Baadaye, badala ya ubao, likaja jiwe la chapa, linalofanya kazi kwa sababu mafuta na maji hayachanganyiki. Tofauti unaiona ukikisogeza kipeperushi machoni: rangi ya ubao imetanda bapa, ya jiwe mara nyingi imejengwa kwa nukta ndogondogo. Tazama pia weusi wa jina la duka, maana mara nyingi si weusi wa picha: jina lilichapwa kwa mkupuo wa pili. Ndiyo sababu Ebisu yuleyule, na samaki yuleyule, anaonekana leo katika makusanyo akitangaza maduka mawili ya miji tofauti.