Ludwig si ‘vita’: Tusiyafasiri majina kama sentensi

Majuzi mzazi mmoja aliniuliza iwapo ambadilishie mwanawe jina. Mtoto huyo anaitwa Ludwig, jina la ubatizo la babu yake. Sasa mhubiri fulani amemwonya mzazi kwamba Ludwig maana yake ni ‘vita’, ati litamfanya mtoto awe mgomvi.

Mhubiri hakuitoa hoja yake hewani. Ludwig ni jina kongwe la Kijerumani lenye vipashio viwili: hlud, yaani ‘enye kusifika’, na wig, ‘vita’. Vijitabu vya majina huviunganisha na kutupa ‘mpiganaji mashuhuri’. Hata mimi niliwahi kuwafunza wanafunzi wangu hivyo. Nilikosea.

Kosa lenyewe ni kulisoma jina kana kwamba ni sentensi. Jamii za kale za Kijerumani zilirithisha vipashio vya majina jinsi wengi wetu tunavyorithisha majina ya mababu. Chukua mfano wa Clovis, mfalme wa Wafaranki aliyefariki mwaka 511. Kwa lugha yake aliitwa Chlodovech, ambalo ndilo hili hili Ludwig. Wawili kati ya wanawe waliitwa Chlodomer na Chlothar. Hiyo Chlod- ndiyo hlud yetu. Ilimtambulisha mtoto kuwa wa ukoo fulani.

Tena, lipo jina la kike Hildegund. Hild ni ‘vita’. Gund nayo ni ‘vita’. Je, nani angekaa chini akaamua kumwita bintiye ‘Vita-vita’? Bila shaka vipashio viliunganishwa tu, maana ikafuata nyuma.

Baadaye Wafaransa walilifanya Louis, Waitaliano Luigi, na Wahispania Luis. Anayemwita Luigi mezani leo hasikii vita vyovyote.

Nasi Waswahili tunaye Ludwig wetu. Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na mwaka huo huo akamzika mkewe na bintiye mchanga. Tunamkumbuka kwa maneno aliyoyakusanya: kamusi yake ya Kiswahili ilichapishwa mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya kifo chake.

Basi, mzazi mwenzangu, mwache Ludwig aitwe Ludwig. Jina hilo limekwisha kufanya kazi yake: kila alisikiaye hapo kwenu anajua mtoto huyo ni mjukuu wa nani.