Programu ya Mazishi na Daftari la Dada

Ukiniuliza ni maandishi gani yanayosomwa kwa makini zaidi huku kwetu, kuanzia Runyenjes hadi Maua, sitakutajia riwaya. Nitakutajia programu ya mazishi. Ile ya karatasi ya kung'aa, picha ya marehemu mbele, ratiba ya ibada ndani, wasifu katikati, na shukrani nyuma. Watu huisoma chini ya hema jua likiwaka, wengine wakijipepea nayo, kisha huibeba nyumbani na kuihifadhi ndani ya Biblia. Niambie ni riwaya gani yetu inayopata heshima hiyo.

Ukimwi ulipata riwaya zake za Kiswahili; Ua la Faraja ya William Mkufya (2004) ni mojawapo. Saratani, katika nyumba nyingi za Meru na Embu, imepata aya moja tu ya wasifu. Kwa hivyo naomba tuihakiki aya hiyo kama tunavyohakiki kazi nyingine ya fasihi. Nitaanza na ile niliyoiandika mwenyewe.

Mama aliishi na saratani ya umio kwa miezi 14 baada ya madaktari kutuambia kwamba imeshasambaa. Kijijini, karibu na Nkubu, watu walisema tu "kansa", tena kwa sauti ya chini. Wasifu wake niliuandika Nairobi, usiku mmoja, kwa sababu mimi ndiye mtu wa maandishi katika familia. Kuzaliwa, shule, ndoa, watoto, kanisa, chama cha akina mama. Halafu sentensi hii: "Aliugua kwa muda mrefu na akavumilia kwa ujasiri hadi alipopumzika."

Miezi 14, maneno kumi.

Tazama vitenzi vyake. Aliugua, akavumilia, alipopumzika. Vyote vitatu vina mtendaji mmoja. Ukiisoma sentensi hiyo bila kumjua mama, utadhani aliugua peke yake katika nyumba tupu. Lakini nyumba ile ilikuwa na watu wawili. Dada yangu ameolewa Embu. Aliwaachia wakwe watoto wake, akapanda matatu, akapita Chuka na Chogoria, akaja "kwa wiki mbili hivi". Alikaa zaidi ya mwaka. Katika programu yupo mara mbili: kwenye orodha ya watoto, na ndani ya neno "familia" pale kwenye shukrani.

Wiki moja baada ya mazishi nilikuta daftari lake juu ya kabati, daftari la kawaida la shule. Kila ukurasa una saa upande wa kushoto: kumi na mbili, nne, nane, kumi na mbili, nne. Hizo ni saa za mofini ya maji, kila baada ya saa nne, na ile ya usiku mara mbili ili mgonjwa asiamshwe katikati ya usingizi. Upande wa kulia ameandika vitu vifupi. "Uji nusu kikombe." "Ametapika." "Ameuliza mahindi yamefika wapi." "Amecheka na mama mchungaji." "Leo hakuna maumivu, tumeketi nje." Na mara moja, bila saa: "Nimechoka mimi."

Kama mhakiki, sina budi kusema daftari ndilo wasifu bora. Lina wakati, lina sauti, na linamwonyesha mama akiishi: anauliza habari za shamba, anacheka, anaota jua. Programu yangu ilijua kusimulia kifo. Kuishi na ugonjwa usiopona ilikuruka, kana kwamba miezi ile ilikuwa chumba cha kusubiri.

Magazeti yetu nayo yana kosa lake. Julai 2019, ndani ya mwezi mmoja, Kenya ilimpoteza Bob Collymore wa Safaricom, Ken Okoth mbunge wa Kibra, na Joyce Laboso gavana wa Bomet, wote kwa saratani. Lugha iliyotawala ilikuwa ya vita: amepigana, ameshindwa, ameaga vita. Susan Sontag aliilalamikia lugha hii ya kijeshi mwaka 1978 katika Illness as Metaphor. Mimi naongeza lalamiko la nyumbani. Vitani kuna shujaa na kuna adui. Anayeosha shuka amewekwa wapi?

Tolstoy alimpa nafasi. Katika Kifo cha Ivan Ilyich (1886), hakimu anayekufa hupata nafuu pale tu Gerasim, kijana wa kazi, anapomwinulia miguu na kuiweka mabegani mwake. Gerasim ndiye pekee nyumbani mle asiyejifanya kwamba bwana atapona. Nimeirudia hadithi hiyo mara kadhaa tangu mama afariki, na bado naipenda, ila sasa naona mahali ilipolegea. Gerasim hachoki. Ana afya, ana tabasamu, anaweza kukesha. Tolstoy alimtazama kwa macho ya mgonjwa, na mgonjwa humhitaji mtu asiyechoka. Lakini mtu huyo hayupo duniani. Daftari la dada linajua hivyo, Tolstoy hakujua.

Cicely Saunders alijua. Alikuwa muuguzi, akawa mfanyakazi wa ustawi wa jamii, kisha daktari, na mwaka 1967 akafungua hospisi ya St Christopher's jijini London. Alifundisha kwamba maumivu ya mgonjwa si ya mwili tu. Yamo pia ya moyo, ya jamaa na ya roho, na kwamba familia nayo huhudumiwa. Fikra hiyo ilifika Nairobi Hospice mwaka 1990, na leo Meru ina hospisi yake. Muuguzi wa tiba shufaa aliyekuja kwetu alipomaliza kumpima mama, alimgeukia dada: "Na wewe, unalala saa ngapi?" Dada ananiambia alilia hapohapo. Katika miezi yote ile hakuna mtu mwingine aliyemuuliza swali hilo, nami nikiwemo. Mimi nilikuwa nikipiga simu kuuliza, "Mgonjwa anaendeleaje?"

Kwa nini haya ni mambo ya fasihi? Kwa sababu kisichoandikwa hakichangiwi. Mama alipofariki, kamati iliundwa siku hiyohiyo: mwenyekiti, mweka hazina, kundi la WhatsApp, mikutano kila jioni, watu wa hema, watu wa chakula. Katika miezi 14 hapakuwa na kamati hata moja ya kumpa dada usiku mmoja wa kulala, au nauli ya kwenda Embu kuwaona wanawe. Si kwamba majirani wana roho mbaya. Mazishi yana maandishi yake, kila mtu anajua sehemu yake. Uuguzi wa nyumbani hauna.

Familia inatayarisha ibada ya kumbukumbu ya mwaka mmoja, na programu nyingine itachapishwa. Nimeiandika upya ile aya. Sasa ina Nkubu na Embu, ina saa za dawa, ina mahindi, ina jina la dada likiwa mtendaji wa vitenzi vyake: alipika, aligeuza, alikesha, alichoka. Nilimsomea kwa simu. Akanyamaza kidogo.

"Umesahau dawa ya kulainisha choo," akasema. "Hiyo mofini hufunga tumbo. Andika, kuna mtu ataisoma na ana mgonjwa nyumbani."

Nimeandika.